Pumzi Zake, Maneno ya Mwingine

Mwanamke humsamehe mengi mwanamume anayempenda. Lakini ipo siku hujikuta amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, asijue kama anaingia au anatoka. Kwa Mwasi siku hiyo ilikuwa Jumapili, siku aliyokuwa aende kula chakula cha mchana kwa mama mkwe wake mtarajiwa, kwa mara ya kwanza.

Mwasi si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwenye filamu ya watu wa mji mmoja walioasi dhidi ya gavana katili. Yeye aliigiza msichana anayebeba ujumbe wa waasi, akakamatwa, akanyolewa kichwa na kutupwa gerezani. Siku aliponyolewa kweli mbele ya kamera bila kudondosha chozi, watu wote kazini walianza kumwita Mwasi, hata mpika chai.

Mchumba wake alikuwa fundi sauti, naye walimwita Sikio. Walisema Sikio husikia mchwa akikohoa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho mtu anapozungumza naye, hata wasiomjua wakadhani anasinzia. Mwasi alimpendea macho hayo yaliyofumbwa. Wanaume wengine walimtazama. Huyu alimsikiliza.

Hata kumposa alimposa kifundi. Siku moja Mwasi alikuwa ndani ya chumba cha kurekodia, hedifoni masikioni, na Sikio yuko upande wa pili wa kioo. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti chake na kunong'ona, "Hivi nikitaka uwe mke wangu, utakataa?" Hakuna mwingine aliyesikia. Mwasi hakuweza kujibu, maana kipaza sauti cha upande wake kilikuwa wazi kwa chumba kizima, na mwongozaji wa filamu alikuwa ameketi pale akila karanga. Alitabasamu tu. Tangu hapo tabasamu lile ndilo lililokuwa jibu, na mdomo wake haujawahi kulitamka.

Basi Jumapili hiyo alipita studio ili waondoke pamoja. Nywele zilikuwa zimeshaota, akazisuka. Ndani ya begi alikuwa na kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe. Njia nzima alikuwa akirudia moyoni yale Sikio aliyomwambia jana yake.

"Shangazi yangu atakuwepo, na ana mdomo. Wewe ongea kidogo tu, mpenzi. Wakuzoee kwanza."

Mwasi alidhani anamwonea huruma kwa haya zake.

Mlango wa studio ulikuwa wazi nusu. Akanyata apate kumfumba macho kutoka nyuma. Sikio alikuwa ameinamia mitambo yake, na mbele yake, kwenye skrini, alikuwepo Mwasi mwenyewe: kichwa kipara, vumbi usoni, pingu mikononi. Kamanda wa gavana alikuwa akimwuliza nani aliyemtuma.

Mwasi wa kwenye skrini akavuta pumzi. Pumzi ile aliitambua. Ilikuwa na kikwaruzo, kwa sababu siku ile alikuwa na mafua. Kisha mdomo wake ukafunguka, na akatoka mwanamke mwingine.

"Sikutumwa mimi. Aliyetumwa hurudi akichoka. Mimi sirudi."

Sauti ilikuwa nzuri, imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Ilikuwa sauti ya yule msomaji wa taarifa ya habari ambaye kila nyumba inamjua.

Begi likamponyoka Mwasi mkononi. Sikio akasimamisha picha, akageuka.

"Umewahi kufika," alisema.

"Huyo nani?"

"Kaa kwanza, nikueleze."

"Nitakaa nikijibiwa. Huyo nani ndani ya mdomo wangu?"

Polepole Sikio alivua hedifoni zilizokuwa shingoni, kama mtu anayevua kofia mbele ya jeneza. "Bosi ndiye aliyeamua. Tulifanya onyesho la majaribio, tukaalika watu waje watazame watupe maoni. Ulipofungua mdomo, ukumbi ukacheka."

Mwasi hakuwa na haja ya kuuliza walichekea nini. Yeye ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto, na watu wa kwao huuvuta mwisho wa neno na kuupandisha juu, kama mtu anayeinua pazia achungulie. Kwenye filamu sauti hiyo ina wenyewe: yaya mjinga, mlinzi anayelala lindoni, mlevi anayedaiwa kila duka. Mtu akiisikia tu, kicheko humjia kabla hajajua kilichosemwa, kama mate yanavyojaa mdomoni ukitajiwa ndimu. Naye Mwasi alikuwa ameshacheza hao wote. Alicheza yaya mpaka akachoka kubeba watoto wa watu. Filamu hii ndiyo ya kwanza kumpa msichana wa ng'ambo kitu cha kusema ambacho si mzaha.

"Pumzi nimeziacha zako," Sikio alisema, na alilisema jambo hilo kama anayetoa zawadi. "Kilio chako kipo, na ule ukelele wa gerezani upo. Niligombana na bosi kwa ajili ya pumzi zako. Nilimwambia pumzi haina kabila."

"Kwa hiyo ninaruhusiwa kuhema."

"Usiseme hivyo."

"Na kulia ninaruhusiwa. Kusema tu ndiyo nimenyimwa." Mwasi alicheka kicheko kikavu. "Sikio, nendeni mkatazame bango lenu pale nje. Mtu wa mlimani yupo, mtu wa ng'ambo yupo, yule mzee wa mguu mmoja yupo, weusi wapo, maji ya kunde wapo. Mmeandika Uasi wa Watu Wote. Nyuso mmezitunga kama shanga za kila rangi, halafu wote tunasema kwa sauti ya taarifa ya habari!"

"Bango si kazi yangu."

"Sauti je? Sauti ni kazi ya nani?"

Sikio aligeukia mitambo yake.

"Hata huyo gavana kwenye filamu hakumfanyia hivyo yule msichana," Mwasi aliendelea. "Alimnyoa, akamfunga, akamlaza njaa. Lakini alimwacha aseme."

"Nilitaka kukukinga." Sauti ya Sikio ilishuka. "Ungeniona siku ile. Wakacheka, na mimi nikahisi kama wamenivua nguo. Na kati ya waliocheka nilisikia kicheko ninachokijua tangu..." Akaishia hapo.

"Kicheko cha nani?"

"Basi tu. Nilisimama, nikatoka nje."

"Ulitoka saa hiyo hiyo?"

"Ningekaa kufanya nini?"

"Kwa hiyo hukusikia kilichofuata."

"Ningesikia nini zaidi, Mwasi?"

"Sijui. Wewe pia hujui. Fundi sauti mzima, unaondoka katikati ya kusikia." Macho yalianza kumwasha, akayapangusa kwa kiganja kabla hayajamwaibisha. "Mama yangu haoni, na hilo unalijua. Ameshawaambia majirani wote wa kule kwetu kwamba siku filamu ikifika, wataenda pamoja wanisikilize. Atakaa mbele ya skrini akiisubiri sauti ya mwanawe. Nimwambieje? Nimwambie mama, mimi ni yule anayehema?"

Sikio alifumba macho. Safari hii hayakufumbwa kwa kusikiliza.

Hapo ndipo jambo la pili lilipomjia Mwasi, nalo lilimuuma kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la kazi.

"Na leo?" aliuliza taratibu. "Niongee kidogo, wakuzoee kwanza. Kumbe hata mezani kwa mama yako umenizima?"

"Ni kwa muda tu. Wakishakupenda..."

"Wakishampenda nani?"

Kwenye skrini msichana mwenye pingu alikuwa amesimama vile vile, mdomo wazi, akingoja kupewa maneno. Mwasi aliokota begi lake.

"Unaenda wapi?" Sikio aliuliza kwa woga.

"Kwa mama yako. Yeye hajanikosea, na amepika. Siwezi kumwacha mtu aliyepika akitazama mlango. Umetaka niongee kidogo, nitakuongezea: sitaongea kabisa. Tukishatoka pale, kila mtu ashike njia yake."

* * *

Mama yake Sikio alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu hapo hapo nyumbani, na sebule ilinukia mvuke na wanga. Kuta mbili zote zilikuwa zimetundikwa mashati na magauni, kila moja na kikaratasi cha jina kwenye kola.

"Karibu, mwanangu," alisema, akikitoa kiti chini ya koti la mtu. "Usiwaogope hawa. Nina wageni wengi, ila uzuri wao hawali."

Mwasi alimwamkia kwa sauti ya chini, neno moja, akapiga goti na kumpa kile kitambaa. Mama alikigeuza upande wa ndani, akakagua nyuzi kama mtu wa kazi anavyokagua, kisha akakitandika mezani bila kusema kitu. Mwasi aliona kwamba alikitandika kwa mikono miwili.

Shangazi alikuwa ameshakaa, ameshajipakulia. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Sikio, mnene, mwenye pete kila kidole.

"Ndiye huyu? Umbo lipo," alisema. "Haya, mama, tuambie. Kwenu wapi? Una ndugu wangapi? Mwanetu alikupatia wapi?"

Mwasi alitabasamu, akamtazama Sikio.

"Ni mwenzangu kazini," Sikio alisema haraka.

"Nimekuuliza wewe? Mbona bibi harusi anatikisa kichwa tu? Umetuletea mke au saa ya ukutani? Tena afadhali saa, hiyo hata inagonga!"

"Ana mafua, Shangazi. Sauti imekauka."

Mwasi aliushika ukingo wa meza. Uongo ulitoka laini sana, kama umefanyiwa mazoezi. Alijiambia: nile tonge hili, nishukuru, niondoke. Alimtazama mwanamume aliyempenda na kuona jinsi kola yake ilivyolowa jasho, na bado moyo wake mjinga ukataka kumpangusa.

"Pole, mama. Mafua dawa yake supu," Shangazi alisema, akahama upesi kwenda kwenye furaha yake mwenyewe. "Sikio, ile filamu yenu inatoka lini? Maana siku ile ulipotupeleka kwenye majaribio nilicheka mimi! Yule kipara, yule wa ng'ambo! Kamanda anamuuliza kwa ukali, nani kakutuma, na yeye anajibu..." Akaunyosha mdomo, akayavuta maneno na kuyapandisha, mikono kiunoni. "'Sikutumwa mimiiii!' Nusura nianguke kwenye kiti. Tena wifi yangu, wewe ndiye uliyeanza!"

"Nilianza mimi," mama yake Sikio alisema.

Kijiko cha Sikio kiligonga sahani. Mwasi aliona uso wake ulivyobadilika, akajua papo hapo kile kicheko Sikio alichokijua tangu utotoni kilikuwa cha nani. Hasira yake haikuisha, ila ilipata kitu cha kukaa nacho. Kumbe hakukimbia ukumbi mzima. Alimkimbia mtu mmoja.

"Nilianza mimi," mama alirudia, "na sikupenda nilivyojisikia baadaye. Nilicheka kwa mazoea. Nikiisikia sauti ile namwona yule mlevi wa kwenye vichekesho. Nimeshafungua mdomo, nacheka, ndipo nikasikia alichosema. Kicheko kikanikwama hapa kama mwiba wa samaki."

"Wewe nawe, ni mchezo tu ule," Shangazi alisema.

"Hukuona ukumbi ulivyonyamaza? Watu walicheka neno la kwanza. La mwisho hakucheka mtu." Mama alikuwa akiulainisha mkunjo mdogo kwenye kile kitambaa cha meza kwa kidole gumba. "Watu wa ng'ambo wananiletea nguo miaka yote. Nawaambia bei, nawaambia njoo keshokutwa. Sikumbuki hata siku moja nimemsikiliza mmoja wao kama mtu mwenye jambo. Nilirudi nyumbani sauti ya yule binti inanifuata. Nikawa nataka nimuulize kitu kimoja: aliposema harudi, alikuwa akimfikiria nani?"

Mwasi aliweka kijiko chini.

"Nilikuwa namfikiria mama yangu," alisema.

Alilisema kwa sauti yake yote, akaliacha kila neno livutike na kupanda kama lilivyozaliwa. Shangazi alibaki na tonge nusu ya njia.

"Mama yangu alipoanza kupoteza macho, daktari wa mjini alimwigiza anavyoongea mbele ya wenzake, wakacheka. Mama akasimama, akapapasa mlango, akatoka. Mimi nikiwa mtoto nikamwambia turudi, ndiyo hospitali yenyewe. Akasema, mimi sirudi. Basi pale mbele ya kamera maneno yaliandikwa na mtu mwingine, lakini mimi nilikuwa nayajua zamani."

Mama yake Sikio alimtazama kwa muda mrefu: nywele zilizosukwa, paji la uso, mdomo. Alikuwa akizivua nywele zile kwa macho, akitafuta kichwa kipara.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Na mafua?"

"Sina mafua."

Mama alimgeukia mwanawe, naye Sikio akainamisha kichwa kama mtoto aliyechoma nguo ya mteja.

"Nilikusikia ukicheka, Mama," alisema. "Nikaogopa umcheke na hapa."

"Kwa hiyo ukamfunga mdomo yeye, badala ya kunifunga mimi." Mama alishusha pumzi. "Sikiliza, binti. Nisikudanganye. Kukupenda kwenye skrini ni jambo moja, kukupa mwanangu ni lingine. Nimelelewa nikiambiwa watu wa ng'ambo hawaolewi kwetu, na jambo kama hilo halitoki kwa kufua mara moja. Tena ndugu za marehemu watasema."

"Ndugu za marehemu ni mimi hapa," Shangazi alidakia, "na bado sijamaliza kula."

Mama hakucheka, lakini bega lake lilitikisika. "Nataka kuyasikia tena yale maneno," alimwambia Mwasi. "Hapa, bila muziki wao. Nataka nijue kama ni wewe au ni ufundi wa mwanangu."

Mwasi alisimama kati ya meza na yale mashati ya watu. Hakujitia vumbi wala pingu. Alivuta pumzi.

"Sikutumwa mimi."

Shangazi alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu, akaziba mdomo kwa pete zote. Na Mwasi, aliyekuwa akimtazama mtu mmoja tu mle ndani, aliona miguu ya Sikio ikisukuma kiti nyuma. Aliona mwili wake wote ukigeukia mlango. Sikio alisimama, akaushika mgongo wa kiti. Akakishika kwa nguvu mpaka vidole vikakakamaa. Hakutoka. Akafumba macho.

"Aliyetumwa hurudi akichoka," Mwasi alisema.

Kicheko cha Shangazi kikapungua, kikafa.

"Mimi sirudi."

Pasi iliyokuwa imesimamishwa pembeni ilitoa mvuke, fss, kisha nayo ikanyamaza. Shangazi alikuwa akitazama sahani yake kama kuna mtu aliyeandika kitu chini ya wali. Sikio alisimama pale, macho yamefumbwa kwa ile namna Mwasi aliyompendea, akisikia hatimaye sehemu ya pili ya jambo aliyokuwa ameikimbia. Chozi moja lilipita pembeni ya pua yake, wala hakulifuta.

"Sauti yako sijaifuta," alisema bila kufumbua macho. "Kila siku nilisema nitaifuta kesho. Kesho ya kweli ni hii inayokuja: nairudisha. Bosi akikataa, atafute fundi mwingine, na pumzi zako natoka nazo."

"Ukifukuzwa," mama yake alisema, "pasi zipo mbili."

Mwasi alirudi kitini. "Hiyo ni ya filamu," alimwambia Sikio. "Ya kwetu bado. Uliwahi kuniuliza swali kwenye hedifoni, nikasikia peke yangu. Na mimi nikakujibu kwa tabasamu, kwa hiyo sote wawili tulijificha. Kama swali bado lipo, niulize tena. Wakisikia."

Sikio alifumbua macho. Mtu aliyezoea kupandisha na kushusha sauti za wengine kwa ncha ya kidole, sasa alikuwa na yake tu. Alikohoa. Akaanza.

"Ongeza sauti!" Shangazi alisema. "Huku mwisho hatusikii!"

Akaanza upya, kwa nguvu, ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. "Nikitaka uwe mke wangu, utakataa?"

Mwasi alimgeukia kwanza mama. Yule mwanamke hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alichukua sahani ya Mwasi, akaiongezea chakula, akairudisha mbele yake juu ya kile kitambaa.

Ndipo Mwasi alipovuta pumzi, na maneno yaliyofuata yalikuwa yake mwenyewe.

"Sitakataa. Ila mama yangu naye atataka kukujua, na yeye haoni. Kwa hiyo tukifika ng'ambo, Sikio, jiandae kuongea sana."